Mwenye Jina Lako Yuko Malindi

Oduor mwanangu,

Umeenda Homa Bay kumuaga dani, mama yangu. Mama yako yuko sokoni Uriri anakutafutia omena ya kubeba, kana kwamba Malindi hakuna samaki. Mimi nimebaki na kuku na rundo la madaftari ya darasa la saba ambayo sitayasahihisha leo. Ni saa tisa mchana, na wewe hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo muda ninao. Mambo ya chandarua, ya kuweka simu mfuko wa mbele, ya kutolala na mtu usiyemjua chumba kimoja, mama yako ameshayasema mara tatu na kesho asubuhi atayasema ya nne. Hayo nayaruka.

Mimi nina jambo moja tu. Katika mji huo unaokwenda kufanya kazi kuna mtu anayeitwa Oduor. Ni ndugu yangu, baba yako mkubwa, yule ambaye kaburi lake liko kando ya nyumba ya dani. Yu hai. Au tuseme alikuwa hai miaka tisa iliyopita nilipomwona kwa macho yangu, nami nimekaa kimya miaka yote hiyo. Utakutana naye, maana mji si mkubwa na yeye kwenye mahoteli anajulikana. Naogopa kwamba akikusimulia yeye kwanza, hutaniita baba tena.

Nimeandika hayo na sikusikia uchungu. Nilidhani ningeusikia. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya kanisani, unaugusa unajua ni wako lakini hausikii kitu. Nimekuwa hivyo muda mrefu, na kama barua hii itaonekana baridi kwako, usidhani ni kiburi. Ndivyo nilivyobaki.

Oduor alinizidi miaka minne. Mimi ndiye niliyependa vitabu, yeye ndiye aliyependwa na watu. Nilipokuwa chuo cha ualimu alikwenda pwani kutafuta kazi hotelini. Mwaka wa kwanza aliandika barua tatu. Moja ilikuwa na picha yake amevaa sare nyeupe, amesimama kando ya dimbwi la kuogelea, anacheka. Babu yako aliitazama sana akauliza kwa nini wazungu wanachimba ziwa dogo hivyo na bahari iko pale pale. Baada ya hapo hakuna barua. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, ikafika mitano. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri, na sisi hatukuwa na mtu wa kumtuma.

Katika miaka hiyo nilimaliza chuo, nikapewa shule, nikakutana na mama yako. Baba yake hakuwa mtu wa kungojangoja. Lakini unajua mila yetu: mdogo hamtangulii mkubwa. Kama Oduor hajajenga simba yake, ile nyumba ya kijana, pale nyumbani, mimi siwezi kujenga yangu, na bila simba naoa na kumweka mke wapi? Kuna njia za kuizunguka mila, wengine huzizunguka hata leo, ila babu yako hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema nitamngoja ndugu yangu. Nikamngoja. Nilianza kumchukia mtu niliyempenda kuliko wote, kwa kosa la kutokuwepo.

Siku moja nilikwenda Homa Bay mjini kununua samaki, nikakutana na dereva wa lori aliyekuwa akitoka Mombasa. Tuliongea mambo ya barabara. Nilipomwambia nina ndugu Malindi, akakuna kidevu.

"Kuna Mjaluo mmoja alikufa huko Malindi, maji ilimbeba," akasema. "Ni kitambo. Jina sikushika."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Wajaluo wa Malindi walikuwa wengi hata wakati huo.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Babu yako alikuwa anatia jembe mpini. Nikamwambia, "Baba, Oduor amekufa maji Malindi." Hakuinuka. Aliweka jembe chini, akaniuliza kwa Dholuo, polepole, "Nani ametaja jina lake?"

Nikasema, "Dereva."

Oduor, nimefundisha watoto zaidi ya miaka ishirini na saba, na nimewachapa wengi kwa uongo mdogo kuliko huo. Mimi ndiye niliyetia jina pale ambapo jina halikuwepo. Nilijiambia kwamba huenda ni yeye. Nilijiambia kwamba mtu asiyeandika miaka mitano ni mfu au ni sawa na mfu. Lakini swali la baba lilikuwa wazi, na jibu la kweli lilikuwa fupi sawa na la uongo. Ningesema tu, "Hakuna."

Mtu akifa mbali na mwili usipatikane, sisi huzika yago, lile tunda refu zito la mwegea. Wazee walikwenda kulikata, wakalivika shati la Oduor aliloliacha, wakalifunga shuka jipya. Katekista akasoma sala zake, kisha akageuza uso upande mwingine wakati wazee wanashusha tunda kaburini, ili kanisa lisiseme aliona. Mama yangu alilia mpaka sauti ikakatika. Alinyolewa nywele zote. Mimi nilisimama karibu naye, nikamshika mkono, na nilikuwa nikiwaza ni miti mingapi nitahitaji kwa simba yangu.

Mavuno hayakuisha kabla sijamleta mama yako.

Ulipozaliwa ulilia siku tatu. Hunyonyi, hulali. Dani akaja kutoka Homa Bay mpaka hapa Uriri penye shule yangu, akakupakata, akaanza kukutajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kama inavyofanywa, ili ukubali jina la yule anayekutaka. Alitaja wa kwanza ukalia, wa pili ukalia. Aliposema "Oduor" ukanyamaza, ukalala. Nyumba nzima ilishangilia. Pengine ulikuwa umechoka tu, mtoto wa siku tatu huchoka. Ndipo ukapewa jina la mtu aliyekuwa, siku hiyo hiyo, anatandika vitanda Malindi.

Na ulipojifunza kusoma, neno la kwanza ulilosoma nje ya kitabu lilikuwa jina lako kwenye ule msalaba wa saruji. Ulikuja mbio kuniambia. Kila Desemba mmekuwa mkilipalilia kaburi lile, wewe na dani, mkiongea na kucheka. Mimi huwa nakumbuka kazi fulani mjini.

Sasa nikueleze ile safari. Unaijua kwa sehemu, maana nimeisimulia mpaka wewe mwenyewe ukasomea utalii. Walimu wa shule yetu tulichanga, tukaenda Malindi wakati wa likizo. Tuliiita ziara ya mafunzo ili mwalimu mkuu aidhinishe. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa nimewachorea watoto ubaoni ule mnara wa Vasco da Gama na msalaba wake juu, bila kuuona. Tulipofika, mwalimu Akoth akazunguka mara moja, akasema, "Si hii ni kadogo! Kwa kitabu ilikuwa inakaa kubwa." Mwongozaji wetu, mama mmoja Mgiriama mcheshi, alicheka akasema kila mtu wa bara husema hivyo.

Nilikuwa mwanafunzi mbaya siku hiyo. Kila aliposema jambo mimi niliongeza langu. Aliposimulia jinsi mfalme wa Malindi alivyowapokea Wareno wakati Mombasa iliwakataa, mimi nikaongeza habari ya rubani aliyepewa kuwavusha hadi Bara Hindi. Aliposimulia twiga aliyepelekwa Uchina, nikamsahihisha njia aliyopitia, na sijui hata mimi nilisoma wapi. Akatupeleka kwenye kanisa dogo la Wareno lenye makaburi uani, kisha kwenye makaburi ya minara karibu na msikiti, akatuambia mahali pale ndipo watu walipokuwa wakiuzwa. Hapo sikuongeza kitu.

"Sasa twendeni hoteli ya zamani," akasema. "Ya tangu walowezi wanakuja kupumzika. Kuna mwenyeji wenu pale, Mjaluo, ndiye aijuaye historia yake kumshinda mwenye hoteli."

Nilisikia maneno hayo, na sikufikiri lolote.

Alitutokea barazani. Mvi zimeanza, shati jeupe limepigwa pasi. Alisema, "Karibuni, walimu wetu," kwa Kiswahili cha watu wa huko. Nilimjua kabla hajamaliza salamu. Naye alinijua, kwa sababu macho yake yalipita kwa walimu wote kumi na wawili, yakanifikia, yakakaa, kisha yakaenda kwa mwalimu aliyefuata. Sauti haikubadilika.

Alituongoza nusu saa nzima. Alituonyesha picha ukutani, walowezi na kofia zao, nyumba ya kwanza ya makuti, wapishi waliopanga mstari na hakuna aliyeandika majina yao. Alikuwa ameyatafuta majina hayo mwenyewe kwa wazee wa mji, akayabandika chini kwa karatasi, isipokuwa mawili ambayo hayakujulikana, na chini ya hayo aliacha karatasi tupu. Nilisimama mbele ya hizo karatasi mbili kwa muda.

Halafu akasimulia mji. "Mji huu ulikufa," alisema. "Mfalme alihamia Mombasa, wakubwa wakamfuata. Nyumba zikaota miti ndani. Wasafiri waliopita baadaye wakaandika kwamba umekwisha. Mimi naamini walikuwapo watu wachache, wakulima, wavuvi. Ila mpita njia haulizi. Aona ukimya, aandika kifo." Kisha akaeleza jinsi mji ulivyojengwa upya wakati wa masultani wa Unguja, na mashamba, na watumwa walioyalima. Alimaliza akakunja mikono. "Kuna mwenye swali?"

Walimu wakanigeukia mimi, kwa mazoea. Mwalimu Akoth akanisukuma kiwiko, "Uliza basi, profesa." Nikatikisa kichwa. Walicheka, wakaenda kupiga picha.

Wakati wenzangu wanakula, nilirudi. Alikuwa anafuta vumbi kwenye fremu.

"Mwalimu umesahau kitu?" akauliza.

Nikamwita kwa Dholuo, owadwa, ndugu yangu. Akaendelea kufuta.

"Huku twasema Kiswahili, mwalimu. Wageni wakitusikia twasema kwetu, wadhani twawasengenya."

"Oduor, kwa nini hukuandika?"

"Nalikuwa kijana na mjinga. Kazi iliisha, nikaona haya kuandika sina kazi. Kisha nikaona haya kwa sababu sikuandika. Haya ikizidi mwaka, haiandikiki." Akaning'iniza fremu, akairekebisha. "Lakini nilikuja. Hukuambiwa? Nilipata kazi hapa, nikanunua zawadi, nikaja mpaka Homa Bay. Sokoni nikamkuta mama mmoja wa kijijini kwetu. Aliponiona alimwaga samaki wote akakimbia akipiga mayowe. Nikauliza watu. Wakanambia nimeshaliliwa, mama ameshanyoa. Wakanambia na aliyeleta habari."

Nikamuuliza kwa nini hakufika nyumbani hata hivyo. Kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Niingie kwa lango lipi? Mtu aliyeliliwa arudi kwao akitembea? Kuku angekufa wangesema ni mimi. Baba angekufa wangesema ni mimi. Nilipanda gari siku ile ile. Mama yuko?"

"Yuko."

"Baba?"

"Alikwenda. Miaka mitatu sasa."

Aliweka chini kitambaa cha vumbi. Niliwaza kwamba atalia na kwamba itanibidi nifanye jambo. Hakulia. Akauliza, "Una watoto?"

"Wanne."

"Wa kwanza?"

"Mvulana."

"Aitwa nani?"

Hapo, mwanangu, nilipata nafasi ambayo watu wengi hawapati. Ningesema neno moja. Mlango ungefunguka au angenipiga ngumi, yote mawili yangekuwa afadhali. Mimi nikataja jina lako la ubatizo. Nikasema, "Brian."

"Jina zuri," akasema. Akaokota kitambaa chake. "Ndugu yako mlishamzika, mwalimu. Mwacheni apumzike. Rudi kwa wenzako, gari litakuacha."

Nilirudi nikala. Nakumbuka nilikula wali wote wa nazi, nikaongezwa. Nilinunua halua ya mama yako, na ile fulana ya kobe uliyoivaa mpaka ikapasuka kwapani. Walimu wakaimba njia nzima, nami niliimba. Nilingoja uchungu uje, labda Mombasa, labda Nairobi, labda nikifika. Haukuja. Nilipofika nilikukuta langoni, ukanikumbatia, na nikawa kama ninakumbatiwa na mtoto wa jirani. Huo ndio ukweli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya yote ambayo baba hufanya, karo, mahafali, hospitali ulipougua, lakini mara nyingi kwa mazoea tu, na pengine uliona. Kama uliona na ukadhani hukuwa mtoto wa kupendwa vya kutosha, basi hilo nalo liandike kwenye deni langu. Halikuwa kosa lako.

Nilipoona barua yako ya kazi na jina la mji, nilikaa nayo siku mbili. Ningeweza kukuambia utafute Kisumu. Mama yako angeniunga mkono, kwa ajili ya umbali. Nilifungua mdomo mara kadhaa. Halafu nikaona nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa kukuzuia wewe.

Juzi nilimweleza mama yako. Alikuwa anachambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo mimi niliolewa juu ya kaburi ya mtu hajakufa." Akamalizia mboga, akazipika, tukala. Tangu hapo ananiongelesha mambo ya nyumba tu. Ndiyo sababu umeona ametulia kupita kiasi. Usidhani ni kwa sababu unaondoka, ingawa hilo nalo lipo.

Kumwambia dani ni kazi yangu. Nitakwenda Jumapili baada ya ibada, nitakaa naye nimwambie mwanawe yu hai na ni nani aliyemuua. Ana miaka themanini na kitu. Nimeogopa kwamba habari itamwangusha, na kwa woga huo nimemnyima mtoto wake miaka tisa. Kama kuna sadaka ya kufanywa langoni, wazee watasema, nami nitaileta. Wakisema kaburi lile lifukuliwe, jembe nitashika mimi.

Wewe sikutumi kwake. Huna deni huko, na usiende kuniombea msamaha, maana kazi ya namna hiyo haifanywi kwa mjumbe. Ila akikuuliza unaitwa nani, usimpe Brian. Mpe jina lako lote. Akitaka kukupiga, mwambie anayestahili yuko Uriri. Akitaka kukukumbatia, kubali.

Kama kuna jambo nimejifunza, si kubwa. Mtu akikuambia habari nusu, iache nusu. Usimmalizie. Mimi nilimmalizia dereva sentensi yake, na tazama ilichokula. Na ikitokea wewe nawe ukanyamaza huko, kwa haya au kwa hasira, mwezi au miaka, jua kwamba mimi sitasema umekufa, wala sitaruhusu yeyote aseme. Kazi ikikushinda, rudi. Wakikufukuza, rudi. Ukioa bila kuniambia, rudi naye, nitanuna siku moja.

Nilipoanza kuandika mchana huu nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuisukuma chini ya nguo zako begini, uikute huko huko, mimi nikiwa mbali. Nimesikia pikipiki imesimama barabarani na wewe unamtania mwenye boda kuhusu chenji. Sasa najua kwamba hiyo ingekuwa mara ya tatu ya kutoroka, baada ya swali la baba na swali la ndugu yangu. Nitakupa mkononi. Utaisoma hapa mezani, na mimi nitakaa kiti cha mbele yako mpaka umalize, hata kama mama yako atatuita tule.

Umefika mwisho. Inua macho unitazame, kisha sema lolote unalotaka kusema.

Baba yako